Wiski ya Kuweka Nyumbani: Soma Lebo Kabla ya Bei

Haya ni mazungumzo ya juma yaliyosomwa redioni, nayo yanachapishwa hapa kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikia.

Ziko nyumba nyingi mjini ambazo ukikaribishwa sebuleni utaona kabati la vioo, na ndani yake, kati ya vikombe vya harusi na picha ya mahafali, imesimama chupa ya wiski. Huenda mwenye nyumba aliletewa na shemeji yake aliyetoka safari, au alipewa kazini siku ya kuagwa. Mwulize wiski hiyo ni ya namna gani, atakutajia bei. Mwulize tena, atakutajia miaka. Ukimbana zaidi atakwambia ni nzuri, na ushahidi wake ni kwamba chupa yenyewe ni nzito.

Kwa vipimo hivyo vitatu, yaani bei, miaka na uzito wa chupa, watu wanatoa fedha nyingi kweli kweli. Na vipimo vyote vitatu ni dhaifu. Bei inabeba ushuru, usafiri, matangazo na faida ya kila mkono uliopitisha ile chupa. Uzito ni wa kioo. Miaka ina maana, lakini maana yake siyo ile inayodhaniwa na wengi. Kipimo chenye nguvu kimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo, mahali ambapo macho hayaendi, na nyuma ya kila neno la mahali hapo ipo sheria.

Wewe usiyekunywa, kwa dini au kwa hiari yako, mimi sikuvuti uanze. Lakini nawe hukaa kwenye kamati za harusi, hununua zawadi, na wewe ndiye unayepigiwa simu usiku wa manane mtu wenu anapozidiwa na kinywaji ambacho ndani hakikuwa kile kilichoandikwa nje. Kaa tusikilizane.

Tuanze na jambo lenyewe. Wiski ni pombe kali itokanayo na nafaka. Nafaka husagwa, huchemshwa, hutiwa kimea na hamira, nayo huchacha ikawa kitu kama bia isiyochujwa. Kisha hupashwa moto katika mtambo. Mpishi wa gongo anaijua kanuni hiyo bila kwenda chuo: kilevi hugeuka mvuke kwenye nyuzi 78 hivi, maji hungoja mpaka 100, basi anayekinga mvuke wa mwanzo na kuupoza anapata kitu kikali. Kinachotoka hapo ni cheupe kama maji, kama konyagi ilivyo nyeupe. Rangi ya wiski, na sehemu kubwa ya utamu wake, inatoka kwenye pipa la mti wa mwaloni ambamo inalazwa kwa miaka.

Katika jamii hiyo ya wiski yupo ndugu mmoja ambaye huku kwetu hajulikani sana, naye ni burboni, ambayo kwenye chupa utaiona imeandikwa Bourbon. Nimeichagua kuwa mwalimu wetu leo kwa sababu, kwa maoni yangu, hakuna pombe kali nyingine ambayo lebo yake inasema mengi hivyo kwa mtu anayejua kusoma.

Burboni ni ya Marekani. Mwaka 1964 Bunge la nchi hiyo lilipitisha azimio kwamba ni zao la kipekee la Marekani, kwa hiyo kitu kilichotengenezwa kwingineko hakiwezi kuuzwa huko kwa jina hilo. Wengi wanadhani ni lazima itoke jimbo la Kentucky. Sivyo, inaweza kutoka jimbo lolote, ila Kentucky ndiko inakotoka nyingi. Jimbo hilo lina watu kama milioni 4 na nusu, na maghala yake yana mapipa zaidi ya milioni 10. Kila mkazi, hata mtoto mchanga, ana mapipa mawili na zaidi yanayomngoja akue!

Nafaka yake ni mahindi. Naam, mahindi haya haya ya ugali. Sheria inadai yasipungue asilimia 51 ya nafaka zote. Zinazobaki ni kimea cha shayiri na ama rai, ambayo ni nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano, ama ngano yenyewe. Mtambo hauruhusiwi kuikoza pombe kupita asilimia 80 ya kilevi, maana ikizidi hapo ladha ya nafaka hupotea. Inapoingia kwenye pipa isizidi asilimia 62.5, na inapotiwa kwenye chupa isiwe chini ya 40. Hairuhusiwi kutiwa rangi wala kitu cha kuongeza ladha, ila maji tu. Na pipa lazima liwe jipya, lililochomwa ndani kwa moto mpaka likafanya mkaa.

Kifungu hicho cha pipa jipya kina matokeo ambayo yanafika mpaka kwenye chupa unayoijua zaidi. Pipa likishatumika mara moja kwa burboni, sheria inalikataa. Basi linauzwa, na sehemu kubwa ya mapipa hayo huvuka bahari kwenda Scotland, ambako sheria haidai upya. Kwa hiyo unapokunywa wiski ya Scotland ukasikia utamu wa vanila kwa mbali, aghalabu ni burboni iliyolitangulia pipa ndiyo inayokusalimu.

Sasa, kwa nini Wamarekani walijifunga kwa masharti yote hayo? Jibu ni kwamba walikuwa wakiuziwa sumu.

Katika karne ya 19 mtu aliyetaka wiski Marekani alikwenda na chombo chake, akapimiwa kutoka kwenye pipa la mwenye baa. Kilichomo ndani ya pipa alikijua Mungu na muuzaji. Walikuwepo wafanyabiashara waliochukua pombe tupu ya bei rahisi, wakaitia rangi na vikolezo, mara maji ya plamu, mara tumbaku, mara vitu vibaya kuliko hivyo, wakaiuza kwa jina la wiski iliyolala miaka. Madaktari wa siku hizo waliitumia wiski kama dawa, kwa hiyo mgonjwa naye alikuwa akinyweshwa mchanganyiko huo.

Mjini Louisville alikuwepo kijana mmoja muuza dawa, George Garvin Brown. Mwaka 1870 alianza kuuza burboni yake, Old Forester, ndani ya chupa za kioo zilizozibwa tu, bila kuipima kwenye pipa. Leo tunaona chupa iliyozibwa ni jambo la kawaida. Wakati ule ilikuwa ahadi: hiki unachokunywa ndicho nilichokitia mimi, na jina langu hili hapa.

Ahadi ya mtu mmoja haitoshi kulinda soko zima. Mwenye viwanda mwingine wa Kentucky, Edmund Haynes Taylor, alishirikiana na Waziri wa Fedha wa wakati huo, John Carlisle, kusukuma sheria iliyopitishwa mwaka 1897. Chini ya sheria hiyo, wiski iliyopikwa na kiwanda kimoja, katika msimu mmoja, ikalala miaka isiyopungua 4 ndani ya ghala lililofungwa chini ya uangalizi wa serikali, na ikatiwa chupani ikiwa na asilimia 50 kamili ya kilevi, iliruhusiwa kubeba maneno Bottled in Bond pamoja na stempu. Ilikuja miaka 9 kabla ya sheria kubwa ya mwaka 1906 ya usafi wa vyakula na dawa. Yaani Wamarekani walipata uhakika wa wiski kabla ya uhakika wa nyama ya kopo.

Mabishano hayakuisha. Waliochanganya pombe nao walikuwa na mawakili, wakauliza: wiski hasa ni nini? Swali likapanda ngazi hadi kwa Rais William Taft, ambaye mwaka 1909 alitoa uamuzi mrefu. Waliochanganya waliruhusiwa kuendelea, lakini kwa sharti kwamba chupa zao ziandikwe waziwazi kuwa ni za kuchanganya. Uamuzi huo ndio uliozaa maneno tunayoyasoma leo, kwa hiyo sasa tuyachukue, tukishika chupa mkononi.

Neno la kwanza ni Straight. Likikaa kabla ya Bourbon, wiski hiyo imelala kwenye pipa si chini ya miaka 2. Na kama haijafika 4, umri wake lazima uandikwe. Kwa hiyo ukikuta Straight Bourbon isiyotaja umri, jua imefika miaka 4 au imezidi. Hili ni neno dogo lenye faida kubwa, na ningekuwa na nafasi ya kukumbuka neno moja tu dukani, ningekumbuka hilo.

Neno la pili ni Blended, nalo ni mtego. Kwenye wiski ya Marekani maana yake ni mchanganyiko ambao sheria inaudai uwe na asilimia 20 tu ya wiski halisi iliyolala. Zinazobaki zinaweza kuwa pombe tupu ya nafaka. Kwenye wiski ya Scotland neno lilelile lina heshima yake. Huko ni mchanganyiko wa wiski za kimea cha shayiri na wiski za nafaka nyingine, na kila tone lililomo limelala si chini ya miaka 3, ndani ya pipa la mwaloni, katika ardhi ya Scotland. Johnnie Walker zote za rangi nyekundu na nyeusi ni za kuchanganya namna hiyo, wala si aibu. Mtu akikuambia ati ya kuchanganya ni duni, mwulize ya nchi gani.

Yako pia maneno ambayo sheria haiyajui. Small Batch, kwa mfano, maana yake ni kwamba imetoka kwenye mapipa machache, lakini machache ni mangapi? Hakuna sheria ya Marekani inayosema. Kiwanda kimoja machache yake ni mapipa 20, kingine ni mapipa 200. Reserve ni hivyo hivyo. Maneno hayo ni kama rangi ya basi. Single Barrel angalau inakuambia kwamba wiski imetoka pipa moja, na matokeo yake ni kuwa chupa ya leo inaweza isifanane kabisa na ya mwaka jana.

Baada ya maneno zije namba. Tafuta asilimia ya kilevi. Wamarekani huandika pia kipimo chao cha Proof, ambacho ni mara mbili ya asilimia. Proof 90 ni asilimia 45. Namba hii watu wanaipuuza, na mwaka 2013 ilizua kasheshe. Kiwanda cha Maker's Mark, wale wa chupa yenye nta nyekundu shingoni, kiliona wanunuzi wameongezeka kuliko wiski iliyokuwepo ghalani. Wiski huwezi kuiharakisha. Wakatangaza kwamba watashusha kilevi kutoka asilimia 45 hadi 42, kwa lugha nyingine wataongeza maji ili itoshe watu wengi zaidi. Wanywaji wakaja juu, barua zikamiminika, na kabla ya wiki mbili kwisha kiwanda kikarudisha 45. Wale walikuwa wateja wanaosoma lebo.

Piga hesabu uone walichokuwa wakikitetea. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 40 ina mililita 300 za kilevi. Yenye asilimia 50 ina 375. Hii ya pili ukiitia maji nyumbani mpaka ishuke kufikia 40, utapata karibu mililita 940 za kinywaji, yaani toti 6 zaidi kuliko ile ya kwanza. Maji ya mfereji ni rahisi kuliko maji ya Kentucky. Kwa hiyo chupa mbili zikiwa na bei moja, linganisha namba hiyo kabla ya kulinganisha picha za lebo.

Nimeahidi kurudi kwenye miaka. Hapa kuna kosa linalowagharimu watu fedha. Wiski haizeeki ndani ya chupa. Divai fulani hubadilika chupani, wiski la. Iliyotiwa chupani ikiwa na miaka 12, hata ukairithisha wajukuu, itabaki ya miaka 12. Kilichoandikwa ni miaka ya pipa tu, na kama zimechanganywa za umri mbalimbali, sheria inataka uandikwe umri wa iliyo changa kuliko zote.

Tena miaka ya nchi moja si miaka ya nchi nyingine. Kentucky kiangazi chake ni kikali. Joto huipanua wiski ikazama ndani ya ubao, baridi huirudisha, na pipa ni jipya lenye nguvu. Scotland ni baridi na unyevu mwaka mzima, na pipa limeshatumika. Burboni ya miaka 6 inaweza kuwa imekomaa kabisa, na ya miaka 20 ikawa chungu kama imechemshwa na mbao. Wiski ya Scotland ya miaka 6 bado ni kijana. Kila mwaka sehemu ya wiski hupotea hewani kupitia kwenye ubao, Scotland kama asilimia 2, Kentucky zaidi ya hapo. Watengenezaji wanaiita fungu la malaika. Ndiyo maana ya zamani ni ghali: iliyobaki pipani ni kidogo. Ughali huo ni wa hesabu ya upungufu, na ladha ni suala jingine. Johnnie Walker Black imeandikwa miaka 12 kwenye lebo. Blue, ambayo ni ghali mara nyingi kuliko hiyo, haina umri wowote ulioandikwa. Anayenunua kwa miaka atakwama hapo.

Haya, ununue ipi basi? Mimi naona nyumba ya mtu wa kipato cha kawaida inatoshwa na chupa tatu, na kila moja iwe na kazi yake.

Ya kwanza ni ya mgeni yeyote, isiyotisha. Straight Bourbon ya kawaida inafaa kazi hiyo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mahindi yanaipa utamu ambao hata asiyezoea hauogopi. Jim Beam ya lebo nyeupe imelala miaka 4 na haijidai. Anayetaka laini zaidi atafute yenye ngano mahali pa rai, kama Maker's Mark niliyoitaja. Rai huleta ukali wa pilipili manga ulimini, ngano huleta ulaini wa mkate. Asiyependa burboni achukue ya Ireland, Jameson kwa mfano, ambayo hupitishwa mtamboni mara tatu na hushuka kooni bila ugomvi.

Ya pili iwe yenye nguvu, asilimia 50 au karibu yake, ya wanaopenda barafu na soda. Barafu inapoyeyuka, wiski ya asilimia 40 hugeuka maji yenye kumbukumbu. Ile ya 50 inavumilia. Wild Turkey 101, yenye asilimia 50.5, ni mfano mzuri, na yoyote yenye maneno Bottled in Bond itakutosha bila kuuliza.

Ya tatu iwe ya Scotland, kwa ajili ya wazee wanaoijua na hawataki kubadilishwa. Kama ni ya kuchanganya, ya miaka 12 inatosha. Kama ni Single Malt, yaani ya kimea cha shayiri peke yake kutoka kiwanda kimoja, anza na za upole kama Glenfiddich. Zile za kisiwa cha Islay, kama Laphroaig na Lagavulin, kimea chake hukaushwa kwa moshi wa mboji ya mabwawani, na mgeni asiyeonywa atadhani amepewa dawa ya kidonda. Usizinunue mpaka umeonja mahali.

Na kuonja ndilo neno. Kabla ya kutoa fedha za chupa kubwa, nunua ndogo, au mshirikiane watu wanne mnunue nne tofauti. Tia kidogo kwenye glasi bila barafu. Nusa mdomo ukiwa wazi. Onja kidogo, kisha tia matone ya maji, onja tena. Utakayoitamani mara ya pili ndiyo yako, hata kama ni ya bei ndogo kuliko zote mezani. Wapo watu Marekani wanaopanga foleni usiku kwa ajili ya burboni ya Pappy Van Winkle, na mwaka 2013 chupa zake ziliibwa kutoka kiwandani kama dhahabu ya benki. Waacheni.

Msikilizaji mwingine atauliza, mbona Jack Daniel's hukuitaja? Hiyo inajulikana hapa kuliko burboni zote, lakini yenyewe hujiita wiski ya Tennessee. Inapikwa kwa njia inayokaribiana sana na burboni, ila kabla ya pipa hupitishwa polepole kwenye mkaa wa mti uitwao mepo. Inatoka mji mdogo wa Lynchburg, na kaunti yenyewe, ajabu ya mwaka, ni kaunti ambayo sheria yake inabana uuzaji wa pombe.

Nyuma ya jina hilo kulikuwa na jina jingine lililokaa kimya muda mrefu. Jack Daniel alikuwa kijana aliyelelewa kwa mchungaji mmoja aliyekuwa pia na mtambo wa wiski, Dan Call. Aliyemfundisha kupika hakuwa mchungaji. Alikuwa Nathan Green, ambaye watu walimwita Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na utumwa ukafutwa, Green akawa mpishi mkuu wa kwanza wa Jack Daniel, na wanawe wakafanya kazi hapo. Ipo picha ya zamani ambamo Jack amekaa na wafanyakazi wake, na kando yake kuna mtu mweusi anayeaminika kuwa mmoja wa wana hao. Wenyeji walilijua jambo hili, nalo lilikuwa limetajwa katika maandishi ya zamani, lakini kampuni ililitangaza rasmi mwaka 2016 tu. Mwaka uliofuata, mwanamke mmoja Mmarekani mweusi, Fawn Weaver, alitoa wiski yenye jina la Uncle Nearest. Ukiwa na chupa ya Jack kabatini na mgeni akaisifu, mwambie alifundishwa na nani.

Kuhusu kutunza nitasema machache. Chupa isimame. Divai hulazwa ili kizibo kiloane. Wiski ukiilaza, ukali wake unakila kizibo. Iwe mbali na dirisha la jua na mbali na jiko. Ambayo haijafunguliwa itakaa miaka. Iliyofunguliwa ikafika nusu, hewa iliyoingia itaanza kuipumbaza, basi imalize ndani ya mwaka au uihamishie chupa ndogo iliyo safi. Na zile chupa za kristali zenye risasi, zinazoonekana kwenye sinema, zisiwe makazi ya wiski. Risasi hujiyeyusha polepole kwenye pombe.

Toti nayo ipimwe. Mililita 30 za wiski ya asilimia 40 zina mililita 12 za kilevi, na chupa kubwa ina toti 25. Mkono wa mwenyeji mkarimu, unaomimina kwa macho, hutoa toti mbili na kuziita moja. Mgeni anahesabu glasi mbili, kumbe mwilini ziko nne, na funguo za gari ziko mfukoni. Shirika la Afya Duniani limesema wazi, tena mwaka 2023, kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kipimo cha plastiki kinauzwa kwa bei ya soda.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ule wizi wa karne ya 19 wa Marekani, sisi tunao leo. Mwezi Novemba 2000 mjini Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methano. Mwaka 2014 wakafa makumi wengine katika sehemu mbalimbali za Kenya. Februari 2024, katika kaunti ya Kirinyaga, zaidi ya 10. Methano ni ndugu wa kilevi cha kawaida, hutumika viwandani, na ubaya wake ni kwamba ulimi na pua haviwezi kuitofautisha. Mambo ya kuiwasha moto ili kuona rangi ya mwale si kipimo cha kuaminika. Usiweke macho yako rehani kwa kiberiti. Mtu huona amelewa kawaida, akalala, na baada ya saa 12 au hata siku nzima ndipo anaanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, na kuona ukungu. Akilalamikia macho, usimpe maziwa wala kahawa wala kusema ni uchovu wa pombe. Hospitali, saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe alikunywa nini. Dawa ipo, na ikiwahi huokoa.

Chupa yenye jina kubwa hailindi peke yake, kwa kuwa matapeli hununua chupa tupu za majina makubwa, wakazijaza. Hapa Tanzania stempu za kielektroniki zilianza kubandikwa kwenye pombe kali Januari 2019, na Mamlaka ya Mapato iliweka programu ya simu ya Hakiki Stempu kwa ajili ya kuzikagua. Kenya walianza mfumo wao mwaka 2013, na programu yao ni Soma Label. Itumie. Lakini kumbuka stempu inashuhudia chupa, haishuhudii kilichomo kama kizibo kimeshachezewa. Tazama kama pete ya kizibo imekatika, kama lebo imekaa upande, kama wino umefifia, kama kiwango cha wiski ndani hakilingani na cha chupa jirani. Na ukikuta bei iko chini sana kuliko maduka yote ya mtaa, ushuru peke yake unakwambia haiwezekani.

Ile chupa ya kabatini nayo itakwisha siku moja. Usiitupe jalalani ikiwa nzima, wala usimpe mwokota chupa kwa sababu ni nzuri. Chana lebo, kwangua stempu, kata kizibo, kisha izungushie gazeti hili na uivunje.